Mwewe Wamepungua, Vifaranga Bado Wanapotea

Zamani kidogo, katika vijiji vya Embu na Meru, saa nne asubuhi ilikuwa na sauti yake. Mtoto aliyekuwa akicheza uani aliona kivuli kikipita juu ya ardhi, akapiga yowe, "Mwewe!", na nyumba tatu nne zikalipokea. Makofi yalipigwa, debe likagongwa, mbwa wakabweka, mtetea akawaita wanawe chini ya mgomba. Ndege alizunguka mara mbili, akatambua kwamba ameonekana, akaelekea mtoni. Leo, siku ya shule, yowe hilo halisikiki. Kivuli kinapita kimya, na jioni mama anahesabu vifaranga saba mahali palipokuwa na kumi na mmoja.

Ukimuuliza ni nini kilichobadilika, atakwambia mwewe wameongezeka. Nimeisikia kauli hiyo Runyenjes, nimeisikia Nkubu, nimeisikia Kiritiri kwa Wambeere. Anayeisema haongopi, kwa maana hasara yake ni ya kweli na ameiona kwa macho. Lakini hesabu ya ndege inasema kinyume. Mwaka 2022 jarida la Biological Conservation lilichapisha utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada, ambao ulilinganisha idadi ya ndege wawindaji walioonekana kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na ya wale walioonekana kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, na nje ya hifadhi za wanyama hali ilikuwa mbaya zaidi. Miongoni mwa waliopungua sana ni yule shakivale mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo za stima, na tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani. Wote wawili ni ndege wa mashambani, wa huku kwetu kwenye chai, kahawa na migomba.

Basi swali ninalotaka kulichambua ni hili: imekuwaje ndege wakapungua huku vilio vya wafugaji vikizidi? Jibu langu ni kwamba tumekuwa tukitazama juu wakati mambo yamebadilika chini. Kifaranga wa zamani alilindwa na macho ya watoto, vichaka vya shamba na mama yake mzazi. Walinzi hao watatu wameondoka mmoja baada ya mwingine, na mahali pao hatujaweka kitu.

Watoto kwanza. Mwezi Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto wa Kenya wakajaa madarasani. Lilikuwa jambo jema kabisa, na hakuna mzazi ambaye angetaka kulirudisha nyuma ili apate mtu wa kuchunga kuku. Lakini kazi ile ya kukaa uani na kutazama angani haikuwa kazi ndogo, ila tu haikulipwa wala kuandikwa popote. Kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, muda ambao mwewe yuko kazini, nyumba nyingi sasa zimebaki na nyanya mmoja mwenye maumivu ya magoti, au hazina mtu kabisa kwa sababu mama yuko kwenye majani chai na baba yuko kwenye bodaboda. Mwewe ni ndege mwerevu. Anaijua nyumba isiyo na watu kama vile mwizi wa binadamu anavyoijua.

Vichaka navyo vimeisha kwa njia nyingine. Ukishuka kutoka msitu wa Mlima Kenya kupitia Kianjokoma hadi Embu mjini, kisha ukaendelea hadi Siakago, unapita mashamba ya chai, ya kahawa, ya mahindi na maharagwe, na hatimaye nchi kavu ya Mbeere. Katika ukanda wa juu shamba la kawaida ni ekari moja au mbili, mara nyingi chini ya hapo, na kila mtoto wa kiume anapooa kipande kingine kinafyekwa ili nyumba ijengwe. Ua mzito wa kaiyaba, uliokuwa na miiba ambayo hata mbwa hakupenya, umeng'olewa mahali pengi ukawekwa waya. Tithonia iliyomea mipakani inakatwa kulisha mbuzi au kutengeneza mbolea. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengine waling'oa mibuni, na chini ya mbuni palikuwa mahali pazuri kuliko pote pa kifaranga kujificha, kwani matawi yake hushuka karibu na ardhi. Huko Igembe ardhi chini ya miraa hupaliliwa ikawa nyeupe kama sakafu. Na mashamba ya muguka ya Mbeere hupigwa dawa mara nyingi mno, kuku hafai kuingizwa humo.

Wakati huohuo tumempandia mwindaji viti. Mti uliotapakaa zaidi kwenye mipaka ya mashamba ya Embu ni mgrivea, ambao wenyeji huuita mukima. Ni mti mzuri, hutoa mbao na kuni bila kugombana sana na mazao. Lakini desturi yetu ni kuupogoa matawi yote na kuacha shina refu lililo uchi, na shina la namna hiyo ni kiti cha enzi. Ndege anayekaa pale anaona mashamba sita kwa mara moja. Kando ya mto kuna mikaratusi mirefu, na katika mikaratusi ndiko kipanga mweusi mwenye kifua cheupe anakopenda kujenga. Kwa hiyo tumeinua macho ya mwindaji na kuondoa maficho ya mawindo, kisha tunashangaa.

Kuhusu mlinzi wa tatu, yaani mama pamoja na jogoo wa kundi, nitasema zaidi, kwa sababu ndiye anayedharauliwa. Watu husema mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura, na ni kweli, kuchakura huzaliwa nako. Kujificha wakati unaofaa ni jambo lingine. Watafiti, miongoni mwao Peter Marler na Christopher Evans, walitumia miaka ya 1980 na 1990 kusikiliza milio ya kuku, na walithibitisha jambo ambalo mfugaji yeyote aliyekaa uani analijua nusunusu: kuku ana mlio mmoja wa adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini. Jogoo akionyeshwa picha ya mwewe ikipita juu yake hutoa mlio mwembamba, mrefu, ambao ni vigumu kutambua unatoka wapi. Akiona mnyama anayetembea, hupiga kelele za kukatakata. Na kuku wanaosikia milio hiyo, hata kama hawajamwona adui, hufanya tofauti. Kwa mlio wa kwanza hukimbilia kivuli, hujibana chini na kutazama juu. Kwa wa pili husimama wima na kuangaza pande zote. Waligundua pia kwamba jogoo huita zaidi akiwa na mitetea karibu kuliko akiwa peke yake.

Sasa fikiria tunavyofuga leo. Vifaranga mia moja wanatoka kwenye mashine ya kuangulia, wanakaa mwezi mmoja chini ya taa au jiko, kisha wanafunguliwa siku moja kwenye uwanja ambao hawajawahi kuuona, bila mama, bila jogoo, bila sauti yoyote ya kuwaambia kwamba kile kivuli kina maana. Miradi mingi imegawa vifaranga wa namna hiyo kwa vikundi vya akina mama. Iligawa kuku, haikugawa ulinzi. Wengine ni weupe pe, wanaonekana kutoka ng'ambo ya bonde, tofauti na kifaranga wa kienyeji mwenye madoa ya kahawia ambaye akilala kwenye majani makavu hata wewe unaweza kumkanyaga. Nao jogoo tunawauza Desemba wote pamoja, bila kubakisha hata mmoja wa kulinda kundi. Mwenye mitetea sita anapaswa kuwa na jogoo mmoja mzima, mwenye umri, ambaye hauzwi.

Kabla ya kuzungumzia dawa inafaa tumjue mwizi, kwa maana neno "mwewe" tumelifanya kapu la kutia kila ndege mwenye mdomo uliopinda. Mwewe halisi ni yule wa kahawia, mwenye mkia wa panda anaoukunja huku na huku akipaa, anayejaa juu ya machinjio na majaa ya taka mjini Embu, Meru na Maua. Chakula chake kikubwa ni mizoga, takataka, kumbikumbi na panya. Hata hivyo ndiye mnyakuzi mkuu wa vifaranga wadogo. Hushuka mahali peupe, hunyakua kwa kucha bila kutua, na hula akiwa hewani. Udhaifu wake uko katika mwili. Mara nyingi hafikii kilo moja, kwa hiyo hawezi kubeba kifaranga aliyekwisha kukua, na hapendi kabisa kuingia mahali penye matawi yatakayomkwaza mabawa.

Kipanga wa mikaratusi ni hatari ya aina nyingine. Mabawa yake ni mafupi na mkia ni mrefu, umbo la ndege anayekimbia katikati ya miti. Hazunguki angani akionekana. Hujificha kwenye tawi, hutoka kama jiwe lililorushwa, na jike lake linaweza kumwangusha kuku mchanga wa miezi miwili au mitatu. Kwa kuwa hawezi kwenda mbali na mzigo huo, humnyonyoa na kumla papo hapo au hatua chache tu. Ukikuta lundo la manyoya mahali pamoja na kifua kimeliwa, huyo ndiye.

Shakivale na tai mwenye kishungi, wale wawili ambao wamepungua kupita kiasi, ndio wanaopigwa mawe zaidi, kwa sababu hukaa wazi na hawakimbii haraka. Nao ndio wenye kosa dogo kuliko wote. Shakivale hula panya, mijusi, nyoka na fuko, yule mchimbaji ambaye kila mkulima wa viazi vitamu na ndizi huku kwetu anamlaani. Tai mwenye kishungi huishi hasa kwa panya wa nyasini. Sisemi kwamba shakivale hajawahi kugusa kifaranga, amewahi. Lakini ukimwua kwa ajili ya kifaranga mmoja, umeondoa mtego uliokuwa ukinasa panya kila siku bila kukudai chochote.

Mbeere na sehemu kavu za Tharaka zina habari yake. Huko kuna tai mkubwa wa nyika, mwenye kifua cheupe chenye madoa, ambaye hula kanga, na ambaye anaweza kuchukua kuku mzima au hata mwana wa mbuzi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Akija anatia hasira kweli, lakini huja kwa nadra, na shamba moja linaweza kupitisha muda mrefu bila kumwona.

Halafu kuna vifo ambavyo mwewe anasingiziwa. Kuku aliyepotea usiku hakuchukuliwa na mwewe, kwani mwewe usiku amelala. Kichwa kikiliwa na mwili ukaachwa bandani, mtafute kanu. Wakifa wengi kwa mara moja wakiwa na alama za meno shingoni, mtazame nguchiro au mbwa wa jirani. Kifaranga wa siku tano anayetoweka kutoka ndani ya banda lenye nyufa amevutwa na panya. Na wengi zaidi ya hao wote hufa kwa baridi ya ukungu wa Julai, kwa kulowa umande asubuhi, na kwa ugonjwa wa kideri. Tafiti za kuku wa kienyeji Afrika zimerudia jambo hilo moja mara nyingi: katika ufugaji wa kuachilia, nusu ya vifaranga au zaidi hawafikishi wiki 8. Mwewe ana sehemu yake katika hesabu hiyo, ila mara nyingi humalizia kazi iliyoanzwa na ugonjwa. Kifaranga mwenye kideri hubaki nyuma ya wenzake, na anayebaki nyuma ndiye anayenyakuliwa. Mwenye njaa huenda mbali na mama akitafuta mdudu, na umbali huo ndio nafasi anayoitaka mwewe. Kwa hiyo chanjo ya kideri, ambayo taasisi ya chanjo ya KEVEVAPI hutengeneza humu nchini na ambayo hutiwa tone moja jichoni, ni ulinzi dhidi ya mwewe pia, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina hadithi ya kuku na mwewe waliokuwa marafiki, hadi kuku akaazima wembe wa mwewe na kuupoteza. Tangu siku hiyo kuku huchakura akiutafuta, na mwewe huja kuchukua vifaranga kama malipo. Katika hadithi mwewe ndiye anayedai fidia. Katika maisha ya leo mfugaji ndiye anayeidai, wala haipati. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia kwa hasara iliyoletwa na tembo, simba, chui, fisi na wengine waliotajwa, lakini ndege wawindaji hawamo katika orodha hiyo. Ndege hao hao wanalindwa na sheria hiyo hiyo. Mama wa Mikinduri aliyepoteza vifaranga kumi anaona serikali imemlinda mwizi na kumsahau mwenye mali, na mimi siwezi kumlaumu kwa kuona hivyo.

Kwa kukosa njia, wengine hutega sumu. Huweka dawa ya wadudu ndani ya kipande cha nyama au mzoga wa kifaranga na kuuacha juu ya kichuguu. Nchi hii inaijua sumu hiyo. Mwaka 2009, baada ya simba kufa na kelele kupigwa hadi ng'ambo, kampuni iliyotengeneza dawa ya wadudu iitwayo Furadan iliiondoa kwenye soko la Kenya. Sumu haichagui. Humwua mwewe, humwua mbwa wa nyumbani, humwua tumbusi aliyekuja kusafisha mzoga, na kuku wenyewe hudonoa mabaki. Mtoto akigusa chambo kisha akalamba vidole, msiba unageuka kuwa wa nyumba nzima. Katika hili sina maneno mawili: sumu isitumike kabisa, hata mara moja.

Hata ukiacha huruma ukahesabu fedha tu, kuua ndege ni hasara. Tuna mfano wa hesabu hiyo kutoka Marekani. Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kumlipa kila aliyeleta kichwa cha mwewe, bundi, au baadhi ya wanyama wadogo wanaokula kuku, senti 50 kwa kila kichwa. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu jimbo lililipa takriban dola 90,000. Mtaalamu wa serikali, C. Hart Merriam, alipiga hesabu akakuta kwamba kuku waliookolewa hawakufika thamani ya dola 2,000, ilhali panya na wadudu ambao wangeliwa na ndege hao walikuwa wamewagharimu wakulima mamilioni. Sheria ikafutwa. Mwaka 1893 mwenzake, A. K. Fisher, alichapisha kitabu kilichotokana na kupasua matumbo ya mwewe na bundi wapatao 2,700, na akaonyesha kwamba aina nyingi mno zilikuwa rafiki wa mkulima, na chache tu ndizo zilizokuwa adui wa kuku. Zaidi ya miaka 130 imepita, na sisi bado tunampiga mawe shakivale kwa kosa la kipanga.

Sasa tuje kwenye kinga. Ukilichukua tatizo kwa ukubwa wake wote linatisha, lakini ukilipima kwa siku linapungua. Hatari kubwa ya mwewe iko katika wiki 8 za kwanza. Baada ya hapo kifaranga wa kienyeji ni mzito kupita nguvu za ndege huyo. Mfugaji hahitaji kuzungushia shamba lote wavu wala kulinda kuku maisha yao yote. Anahitaji kuwalinda wachache kwa siku 56.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni kizimba cha kuhamisha. Fremu ya vijiti vya mukima, urefu wa mita mbili na upana wa mita moja, kimo cha kufikia goti, waya wa kuku juu na pembeni, na upande mmoja umeezekwa kwa bati chakavu au nyasi ili pawe na kivuli na pasivuje. Ndani anakaa mama na wanawe. Kila asubuhi umande ukikauka kizimba husogezwa hatua chache, wakapata majani mapya na wadudu, na samadi ikabaki pale kurutubisha shamba. Watu wawili wanakibeba bila taabu. Waya uwe wa matundu madogo, kwa sababu tundu linalopitisha kichwa cha kifaranga litapitisha na panya. Kwa asiyeweza kununua waya, tenga kubwa la kufumwa lililofunikwa juu ya vifaranga saa za hatari linafanya kazi nzuri, na nyanya zetu walilitumia kabla ya waya kufika dukani.

Pili ni kuunganisha vifaranga. Mitetea mitatu ikipatana kuatamia karibu siku moja, wote wataangua pamoja baada ya siku 21, na vifaranga wote wanaweza kupewa mama mmoja aliye mpole. Anayetangulia kuatamia hupewa mayai ya kumdanganya hadi wenzake wawe tayari, kisha wote huwekewa mayai mazuri usiku mmoja. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Unalinda kundi moja badala ya matatu, kizimba kimoja kinatosha, na mitetea miwili iliyobaki hurudi kutaga mapema badala ya kupoteza miezi ikilea. Asiyetaka kumtumia mama anaweza kulea kwa kisanduku kilichojazwa nyasi kavu pembeni na juu, ambamo vifaranga wenyewe huhifadhi joto la miili yao usiku. Kisanduku hicho hakitaki makaa. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa limewaua vifaranga wengi, na watu pia, kwa hewa yenye sumu.

Tatu ni kurudisha vichaka, na hapa ndipo ningetaka tuweke akili zaidi, kwa sababu ulinzi huu ukishapandwa haudai kazi kila siku. Kuku alitokana na ndege wa msituni. Mahali pake pa asili ni chini ya matawi, wala uwanja mweupe haupendi. Shamba lenye migomba iliyoshonana, mibuni ambayo haijang'olewa, mistari ya nepia, mahindi marefu na matandazo ya viazi vitamu linampa maficho kila baada ya hatua tano au sita, na umbali huo ndio unaoamua maisha yake. Ujanja ni kupanga mambo ili banda, chakula na maji ya kunywa viwe karibu na kivuli hicho, sio katikati ya uwanja uliofagiwa. Mpasheni uliotambazwa juu ya vijiti mbele ya banda huwa paa linaloliwa. Na mukima ulio karibu na banda usiachwe ukiwa nguzo tupu. Ama uachiwe matawi yake ya juu yawe mazito, ama upandwe mbali na uwanja wa kuku.

Hapo mtu ataniuliza juu ya majira. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba majani huwa marefu na kumbikumbi ni tele, mwewe naye ana chakula kingi kingine. Lakini baridi na unyevu huua. Wakati wa kiangazi vifaranga hawalowi, ila ardhi huwa wazi. Mimi ningeangua mwanzoni mwa mvua kwa sharti kwamba vifaranga wana paa lisilovuja. Asiye na paa hilo angue mvua ikiisha, na asiwatoe kizimbani.

Vitisho vya kuning'iniza vina mahali pake, lakini tusivitegemee kupita kiasi. Sidii kuukuu, utepe wa kaseti na vipande vya bati vinavyomemetuka humshtua mwewe kwa siku kadhaa. Akishaona kwamba havimdhuru huvizoea. Vihamishwe kila wiki, vitolewe kwa muda, virudishwe. Kamba za nailoni zilizovutwa sambamba juu ya uwanja mdogo, nafasi ya hatua moja kati ya kamba na kamba, hufanya vizuri zaidi kwa sababu humharibia mwewe njia ya kushuka na kupanda. Nyavu kuukuu za wavuvi wa mabwawa ya Masinga na Kiambere zinaweza kufunika uwanja wa nyumba ya Mbeere kwa gharama ndogo, ila zivutwe zikaze, kwa maana wavu uliolegea hunasa ndege, nyoka na kuku wenyewe. Kuna wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili mwewe asiwatambue kama chakula. Rangi ya maji isiyo na sumu haimdhuru kifaranga, na mwenye kuitumia aendelee, mradi asiifanye badala ya kizimba. Manyoya mapya yakiota, rangi inaisha na mwewe bado yupo.

Walinzi walio hai ni bora kuliko vitisho. Kanga hupiga kelele kwa kitu chochote kigeni. Mbwa aliyelelewa pamoja na kuku tangu utotoni hubwekea kivuli. Na yule ndege mdogo mweusi mwenye mkia wa panda, mlamba, anayewinda nzi kwenye mgongo wa ng'ombe, humfukuza mwewe kwa ujasiri wa ajabu anapokuwa na kiota. Mti wenye kiota chake usikatwe.

Gharama ya yote haya si kubwa kwa kikundi, ingawa kwa mama mmoja inaweza kuwa kubwa. Roli moja la waya likinunuliwa na chama cha akina mama kumi hutoa vizimba kadhaa vinavyozunguka kutoka nyumba hadi nyumba kadiri wanavyoangua. Jogoo mmoja aliyekomaa huuzwa kwa zaidi ya shilingi 1,000, kwa hiyo kizimba kikiokoa vifaranga wanne tu wakafika sokoni, kimejilipa na kubaki. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban kuku milioni 30 wa kienyeji nchini Kenya. Walio wengi wako mikononi mwa wanawake wa vijijini, na ndio akiba inayolipa kalamu, sare na nauli ya hospitali. Kaunti za Embu na Meru zinapogawa vifaranga, zigawe na vizimba. Maafisa wa kilimo wanapofundisha chakula na chanjo, wafundishe pia kumtofautisha mwewe na shakivale, kwani somo hilo ni la nusu saa na picha nne.

Watoto wafungapo shule saa kumi na kurudi nyumbani, hapo ndipo wakati mwema wa kuwatoa vifaranga nje ya kizimba wanyooshe miguu hadi jua litue. Na wewe msomaji uliye na mtetea utakayemwekea mayai mvua za Oktoba zikianza, kata vijiti vya kizimba Septemba, na upande mpasheni wako mbele ya banda kabla yai la kwanza halijapasuka.